Mwalimu wa Neno Moja

Amefariki mwalimu aliyenifundisha baiolojia hapa Sumbawanga. Nilikwenda mazikoni Mazwi, nikasikiliza watu wakisifu Kiingereza chake. Desturi inanitaka nami nimtaje kwa wema, lakini wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kuwa sina kipaji cha kusema nisichokiamini. Miaka ile ya Ujamaa, mtu huyu alikuwa akitukusanya mstarini asubuhi na kutuhubiria usawa na utu, kisha akaingia darasani na kuuvunja utu wa watoto kwa neno moja: fotosinthesisi. Aliligawa ubaoni kwa vistari, fo-to-sin-the-sis, akaamuru mkazo uangukie kwenye “sin”, ulimi uchungulie kati ya meno, na neno likatike penye “sis” bila irabu mwishoni. Sisi Wafipa tulilitamka kama tunavyotamka maneno yote, kila silabi na irabu yake, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwake hilo lilikuwa kosa la jinai.

Binti mmoja kutoka Ilemba, aliyetuzidi sote kwa akili, alisimama akasema, “Fotosintesisi, mwalimu, ni jani kujipikia chakula kwa maji, hewa na mwanga wa jua.”

“Sikukuuliza linapika nini,” mwalimu akamjibu. “Tamka.”

Alitamka, akakosea, akatamka tena, akakosea. Kesho yake akasimamishwa mstarini, shule nzima ikaamriwa kuliitikia kila kosa lake. Watu walicheka. Binti hakulia. Likizo ilipofika alikwenda kwao, na shule ilipofunguliwa hakurudi.

Aliyekuja ni baba yake. Alikuwa amesukuma baiskeli kupandisha milima kutoka Ilemba, kule bondeni, jogoo amefungwa nyuma. Nilikuwa nafagia mbele ya ofisi. Mwalimu, kijana wa kumzaa, hakumwamkia mzee.

“Mwalimu, mwanangu kakosa nini?”

“Ulimi wake mzito, hawezi sayansi.”

“Huo ndio ulimi tuliompa. Nisaidie arudi.”

“Kalime naye, mzee. Kilimo nacho ni kazi ya taifa.”

Akampokea jogoo, akafunga mlango. Binti aliolewa kabla ya mavuno.

Miaka mingi baadaye, mwalimu akiwa amestaafu, nilimuuliza kuhusu binti yule. Hakumkumbuka hata kidogo. Alikumbuka neno tu, akanitamkia taratibu, silabi kwa silabi, akitabasamu.

Wapo wengi wa namna yake, hadi leo: waliopewa funguo za elimu wakadhani kazi yao ni kufunga. Jibu sahihi likitoka na lafudhi ya Ilemba ni jibu sahihi. Mwalimu asiyelisikia hafai kukabidhiwa darasa, na akifa tusidanganyane kwamba tumepata hasara. Hasara tuliipata siku ile binti aliporudishwa shambani.