Uso wa Oretta Kwenye Bamba la Shaba

Taddeo Scarpi, mchongaji wa picha za shaba katika mtaa wa Parione, Roma, alikuwa na picha moja tu ya marehemu mkewe, na hata hiyo haikuwa mali yake. Ndoa yao ikiwa bado changa, alichonga kwenye bamba la shaba kisa cha Orfeo, yule mwimbaji aliyeshuka kuzimu kumfuata mkewe, akageuka kumtazama, akampoteza. Huyo mke wa Orfeo, Taddeo akampa uso wa mkewe mwenyewe, Oretta. Bamba akaliuza kwa Bwana Gaspare mchapishaji, kama ilivyo desturi, naye akalichapa weee, maana watu na visa vya mapenzi ni chanda na pete.

Shaba nayo huchoka. Kila inapofutwa wino kwa kiganja na kubanwa mtamboni, mistari myembamba ndiyo huliwa kwanza, na uso ni mistari myembamba mitupu.

Asubuhi moja Bwana Gaspare akamrudishia bamba. "Uso umefutika, fundi. Nichongee upya, Jumamosi nalitaka."

"Nakala za zamani hakuna hata moja?"

"Ziliuzwa zikaisha. Kwani nini? Huyo mke wa Orfeo mtie uso wowote, mradi alie."

Uso wowote! Taddeo akafumba macho amwone Oretta, kikaja kidoa cheusi tu shavuni. La kushoto au la kulia? Kwenye shaba picha huchongwa kinyume, kwenye karatasi hugeuka, na miaka ya kutazama huku na huku ilishamvuruga. Masikini wa Mungu, akalibana bamba kwapani akaenda hadi kwa shemeji yake Pippa, aliyekuwa mlangoni akipukuchua maharage.

"Shemeji, kile kidoa cha Oretta kilikuwa shavu lipi?"

Pippa akaangua kicheko. "Kidoa? We mzee, unaota mchana! Dada yangu hakuwa na doa, labda la unga."

"Mbona nakiona?"

"Unaona tundu la shaba yako! Si ulikuja hapa unafoka, eti muuza shaba kakupunja, bamba lina tundu shavuni, linanasa wino na kuchapa doa? Oretta mwenyewe akakwambia, liache." Kicheko kikamkatika. "Kaa basi, shemeji."

"Alikuwaje, Pippa?"

"Alikuwa..." Mikono ya Pippa ikasimama kwenye maharage. "Alikuwa mzuri." Akarudia kupukuchua, naye Taddeo akalichukua bamba lake akaondoka.

Jumamosi Bwana Gaspare akamkuta kwenye bamba mwanamke mzuri, analia, sura ya yeyote. "Hewaa! Lakini hili tundu shavuni lilishafutika pamoja na uso. Umelirudisha la nini?"

"Liache," Taddeo akasema.