Kaburi la Tatu

Nilikuwa na juma zima la kusema ukweli, na sikuusema. Alhamisi, saa tatu asubuhi, wajumbe wa baraza la kata wakafika na futi ya kupimia, nikajua muda wa kujificha umekwisha.

Mtaa wetu uko pembeni ya Temeke, kule lami inakokoma na mkono wa bahari unaingia katikati ya mikoko. Mimi ni mtu wa bara. Nilinunua kiwanja, nikajenga, nikazungushia ukuta, na baada ya miaka sita ya kula pweza nikajiona mwenyeji. Ndiyo maana rafiki yangu mmoja, mhariri, aliponiomba niandike sura ya kitabu kuhusu pwani ya kusini, historia yake, mazingira, siasa na watu wake, sikuona aibu kukubali. Nilikuwa na digrii mbili na jirani mmoja.

Jirani ndiye aliyekuwa na maarifa. Ni bibi wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa hapo hapo, mjane. Kila alasiri nilikaa barazani kwake na daftari huku yeye akisuka ukili. Alinieleza mikoko ipi hutoa boriti nzuri na ipi hufaa kuni tu. Alinieleza nani alipewa ardhi wakati wa vijiji vya ujamaa na nani alinyang'anywa, na kwa nini kila uchaguzi wagombea huja kuahidi daraja lile lile. Zaidi ya yote alinisimulia habari za bibi yake, aliyetoka upande wa Kilwa kwa miguu mwaka wa njaa, mtoto mgongoni, akaifuata pwani mpaka akachokea hapa. Niliandika yote. Kwenye sura yangu nikamwita "masimulizi ya wenyeji".

Kisha mtoto wa kaka yake akauza shamba la ukoo kwa mfanyabiashara aliyetaka kujenga ghala. Hati ya mauziano ilisema shamba linateremka kutoka barabarani hadi yanapoanzia makaburi ya ukoo. Makaburi mawili yalionekana wazi, chini kabisa karibu na mikoko. Bibi alisema lipo la tatu, la bibi yake, huku juu, na nyumba yake imejengwa kati ya hilo na yale mawili. Kaburi hilo likiwepo, shamba linaishia upande wa juu, kabla ya kufika nyumba. Lisipokuwepo, nyumba imeuzwa pamoja na minazi, na bibi anahama.

"Limo uani kwa Mwalimu," aliwaambia watu kwenye ofisi ya mtaa, juma moja kabla ya ile Alhamisi. "Nilikuwa naumwa Kibamba kwa binti yangu alipojenga. Niliporudi nikakuta ukuta. Lakini sina wasiwasi, analitunza."

Watu wote wakanigeukia, maana Mwalimu wa mtaani ni mimi. Nami, Mungu anisamehe, nikaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kila mwezi wa Shaabani, watu wanapozuru makaburi, bibi husimama nje ya ukuta wangu, mikono ameikunjua, midomo inacheza. Miaka yote nilidhani anaiombea nyumba yangu.

Wakati wa ujenzi nilikuta mawe ya matumbawe yamepangwa mviringo mrefu, na upande mmoja bakuli la kaure lenye maua ya bluu. Fundi wangu aliuliza, "Bosi, haya si ya watu?" Nikamjibu kwamba ni kifusi cha mtu aliyeshindwa kujenga. Mawe yakaingia kwenye msingi wa mnara wa tangi la maji. Ukuta ukapita, ukoka ukaota. Bakuli nililipenda, nikaliweka mezani, nikatia kalamu. Sura nzima ya pwani ya kusini niliiandika kwa kalamu zilizotoka kwenye bakuli la yule mama wa Kilwa.

Asubuhi ile ya Alhamisi, wakati wa chai, nilimweleza mke wangu. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Ukisema, ukuta unakwenda," alisema.

"Na nisiposema?"

"Bibi anakwenda." Akainuka akaenda kufungua geti, maana walikuwa wameshagonga.

Waliingia watatu wa baraza, wakiongozwa na mwenyekiti, mzee mwembamba mwenye kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono, kandambili mkononi asiukanyage ukoka wangu kwa tope. Nyuma yao mnunuzi, kijana nadhifu anayechezea funguo za gari. Nyuma kabisa bibi, kanga mpya, uso mkunjufu kama mtu anayekwenda kuonyeshwa mjukuu.

"Haya bibi, tuonyeshe," alisema mwenyekiti.

Bibi alihesabu hatua kutoka kona ya nyumba yake, akazunguka getini, akaingia, akaendelea kuhesabu. Akasimama katikati ya ukoka. Akatazama chini. Akatazama kushoto, kulia. Akarudi hatua mbili, akaja mbele tatu.

"Lilikuwa hapa," alisema.

"Mama yangu," mnunuzi alisema, "au marehemu kahama? Siku hizi watu wanahamia Mbweni, kwa wenye pesa."

Mjumbe mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

"We mtoto, mie si wa kutaniwa na wewe," bibi alisema. "Nilikuwaga nafagia hapa na mama yangu kabla baba yako hajaota ndevu."

"Sawa, mama. Ila ishu ni karatasi. Karatasi inasema makaburi, mie naona majani. Mwenyekiti, andika mawili, watu tuna kazi."

Mwenyekiti hakuandika. Alinigeukia. "Mwalimu, wewe ni msomi na kiwanja ni chako. Ulipokuja hapa palikuwa na kaburi?"

Nilifungua mdomo, na kilichotoka nitakijutia maisha yangu yote. "Inategemea, mzee wangu, tunaelewaje dhana ya kaburi."

Mnunuzi alizitia funguo mfukoni.

"Mwalimu," bibi alisema kwa upole kabisa, "waambie tu lilipo. Wewe si ndiye unayelitunza?"

Angenitukana ningevumilia. Nilimtafuta mke wangu kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama bila kunisaidia.

"Lilikuwepo," nilisema. "Hapo hapo aliposimama bibi. Mawe niliyang'oa mimi. Yako chini ya tangi."

"Aa, braza!" mnunuzi alinidakia. "Umepangwa wewe! Mwenyekiti, hawa ni majirani, wanakunywa kahawa pamoja kila siku. Mawe ya matumbawe yamejaa pwani nzima, yatakuwaje ushahidi?"

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mwenyekiti akafikiri kidogo, kisha akamwuliza bibi, "Kichwani kulikuwa na nini?"

"Bakuli lake la kulia. Maua ya bluu."

"Mabakuli hata kwangu yapo," alisema mnunuzi.

"Lina alama?" mwenyekiti aliuliza.

"Limetobolewa chini," bibi alisema. "Katikati, tundu la kuingia kidole kidogo. Vyombo vya kaburini hutobolewa ili mtu asione faida ya kuiba."

Nilikwenda ndani. Nilimwaga kalamu mezani, nyingine zikabingirika sakafuni. Lile tundu nililijua vizuri. Nilikuwa nimeliziba kwa karatasi iliyokunjwa, ukurasa wa rasimu yangu ya kwanza. Nilirudi uani nikampa mwenyekiti. Alichomoa karatasi, akainua bakuli juu, akachungulia jua kupitia tundu, akampa mnunuzi naye achungulie.

Mnunuzi aliligeuza mara mbili. Kisha akalirudisha haraka, kwa mikono miwili. "Mie sijengi juu ya mfu," alisema. "Andika matatu. Ila na ukuta wa huyu msomi upimwe."

Ukapimwa. Ulikuwa umeingia kwa bibi hatua nne, ingawa kaburi lenyewe lilibaki upande wangu. Nilipewa siku kumi na nne kuubomoa, na kurudisha mawe mahali pake chini ya usimamizi wa bibi mwenyewe. Nilitia saini kabla sijaulizwa kama nakubali.

Bibi hakunishukuru, na wala sikutegemea. Siku ya kurudisha mawe alikuja na kigoda, akakaa, akanielekeza kwa kidole: hili kichwani, lile miguuni, hapana, geuza. Fundi alikuwa anapiga nyundo ukutani, vumbi likitujaa. Hakupaza sauti hata mara moja, na hakuniita Mwalimu.

Siku hizi namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba, basi. Barazani kwake hakuna tena kigoda changu. Mwezi uliopita mhariri aliniandikia kwamba sura ni nzuri, ila inakosa njia aliyopita yule mwanamke wa Kilwa, na alilala wapi. Nilikwenda kwa bibi, nikasimama chini ya ngazi na daftari langu, nikamuuliza.

Hakuacha kusuka.

"Si unakaa naye?" alisema. "Muulize mwenyewe."