Siku Niliyowahesabu Ndugu Zangu

Nikiwa mtoto wa kama miaka saba, huko Kangema, mtu hakuhesabiwa. Hata mbuzi hawakuhesabiwa. Mama akitaka kujua kama tumerudi sote, alitazama nyuso zetu, basi. Cucu, mama yake baba, alisema anayehesabu watoto anakionyesha kifo pa kuchagua.

Jumapili moja mwalimu wa watoto kanisani alitaka kila mmoja aseme Mungu amewapa watoto wangapi nyumbani. Nilijua ni mwiko. Lakini huyo mwalimu alikuwa na viatu vya kung'aa, na mimi nilitaka anipende. Nikasimama, nikanyoosha vidole nikiwataja: tuko wanane. Nikapigiwa makofi.

Mwezi haukuisha, surua ikamchukua Kamau, kitinda mimba wetu, aliyekuwa kidole cha mwisho.

Cucu hakunigombeza. Aliuliza tu, akimenya viazi, "Ulimhesabu?"

Nikasema ndiyo. Akaendelea kumenya.

Nikamwendea mwalimu. Nilitaka mtu mzima aniambie kama nimemuua ndugu yangu, hilo tu. Akasema mtoto mzuri hamuulizi Mungu maswali, na maneno ya cucu wangu ni ya shetani, sasa nikaimbe na wenzangu. Nikaimba.

Angesema tu, "Hapana, ni surua." Ni maneno mangapi hayo? Cucu hakuyasema, mwalimu hakuyasema, na mama alikuwa analia, nani angemuuliza. Nimezeeka nayo. Shule niliacha darasa la tatu. Kanisa sikuacha, na msiniulize kwa nini.

Juzi, hapa Gatitu, mjukuu wangu Wanjiru alitoka kanisani na karatasi ya kupaka rangi, safina ya Nuhu. Akauliza, "Shosho, wale watoto walioachwa nje kwa maji walikuwa wamefanya nini?"

Nikamwambia hawakuwa na kosa.

"Sasa mbona walikufa?"

"Sijui. Na mwalimu wako pia hajui, hata akijifanya."

Akanitazama kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji. Miaka hii yote nilidhani mtoto akiambiwa ukweli, moyo wake utatulia. Ati utatulia! Aliweka rangi chini, akakaa karibu nami mpaka chai ikapoa.