Nukta za Penseli

Mume wangu alifundisha miaka thelathini na mmoja, na muda wote huo hakuweza kuona karatasi iliyoandikwa akaiacha bila alama. Hata orodha yangu ya sokoni aliwahi kunirudishia imepigwa vema kwa wino mwekundu. Wanafunzi walimbandika jina la Mizani, kwa sababu alihesabu silabi kwa vidole hata akiwa kwenye foleni, midomo ikimcheza. Ushairi aliufundisha kwa namna yake: unasoma mstari, unatia nukta ndogo ya penseli chini ya silabi ya nane, nyingine chini ya kumi na sita. Nukta ikiangukia pasipo, mstari umeharibika. Sijamwona mwalimu mwingine akifanya hivyo, na walimu wenzake walimcheka.

Alipostaafu, darasa lake likahamia kwenye bahasha. Alimwandikia Mhariri wa jarida la mashairi, akamwandikia rafiki yake Jasho, aliyeitwa hivyo kwa vile alilowa shati kila alipoghani, akawaandikia na wanafunzi wake wa zamani waliotawanyika kila pembe. Kila barua iliishia na ubeti, na mwenzake alitakiwa kujibu kwa vina vilevile. Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu ilikuwa upande wa pili wa chumba hichohicho. Yeye akihesabu, mimi nashona. Barua zikiwa tayari nilizipeleka posta mwenyewe, maana yeye akifika huko lazima agombane na karani juu ya tangazo lililoandikwa ovyo.

Mimi ndiye niliyeona kwanza. Mshono uliofumuliwa ukashonwa upya haunipiti, na bahasha za majibu aliyoletewa zilikuwa zimefumuliwa.

"Mwalimu, barua zako zinafunguliwa," nikamwambia.

"Gundi yao mbaya tu."

"Gundi mbaya haipakwi mara mbili. Hebu shika hapa."

Akapapasa ule ukingo mgumu, kisha akazichukua bahasha nyingine akazipapasa moja moja.

Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, Jasho akaja mwenyewe. Alikataa kiti.

"Shemeji, funga mlango," akasema. Shati lilikuwa limemganda mgongoni na hakuwa ameghani chochote. "Mhariri amechukuliwa. Jana, palepale ofisini. Watu watatu. Wamebeba kila karatasi, wanauliza kila shairi ni la nani na lina maana gani."

"Amepelekwa wapi?" Mwalimu akauliza.

"Nani wa kumuuliza? Wewe niandikie habari za magoti yangu basi, ndugu yangu. Magoti tu." Akatokea mlango wa uani.

Mwalimu akakaa kitandani, uso umempauka.

"Jumatatu nimemtumia shairi," akasema.

"Shairi gani?"

Akanisomea kwa sauti ambayo cherehani ingeimeza:

Saa kubwa ya ukuta, imesimama zamani,
Nasi tunaifuata, hatujui saa gani,
Fundi anayeikamata, hupelekwa gerezani...

Hakufika mstari wa nne, nilimziba mdomo kwa kiganja. Saa hiyo ni nani, hata mtoto wa chekechea angekuambia.

"Na barua iko wapi sasa?"

"Njiani."

Niliogopa. Wengine hupenda kusema walikuwa na wasiwasi. Mimi niliogopa mpaka sindano ikanitoboa kidole mara mbili siku moja, mimi ambaye nimeshona tangu nikiwa msichana. Barua zake za miaka yote nilizikunja nyembamba nikazishonea ndani ya pindo la mapazia. Mapazia yakawa mazito, hayapepei hata dirisha likiwa wazi, nikahofia hilo nalo litaonekana. Gari likipunguza mwendo nje, sote wawili tunaacha kutafuna. Mwalimu alianza kutembea na mswaki mfukoni mwa shati. Nilimuuliza wa nini, akasema, "Huko sidhani kama wanagawa." Alitaka nicheke. Nikaingia jikoni kulia.

Siku ya tisa, mchana, nikakuta bahasha ya kaki chini ya mlango. Haina stempu, haina anwani. Nikamwita Mwalimu.

Ndani mlikuwa na ubeti wa saa, umekatwa kwa mkasi kutoka kwenye barua yake. Chini ya silabi ya nane, nukta ya penseli. Chini ya kumi na sita, nukta. Mstari wa tatu ulikuwa umezungushiwa duara. Neno "anayeikamata" limepigwa mstari na juu yake pameandikwa "akiikamata". Chini kabisa: "Mwalimu, huu usiutume tena. Barua iliyobaki nimeichoma."

Mwalimu akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena.

"Ni kweli, silabi moja imezidi," akasema. Kisha akashika ukuta. "Mke wangu, huyu nimemfundisha mimi!"

"Ndiye anayekufungulia barua."

"Ndiye aliyeniokoa."

"Basi tumshukuru kwa kufunga midomo." Nikakichukua kile kikaratasi nikakitia motoni. Alikitazama kikijikunja.

"Angalau ningempa alama," akasema. Nikadhani anatania.

Barua za wanafunzi ziliendelea kuja, na sasa tulijua pa kutazama: nukta mbili hafifu chini ya kila mstari. Sijui kama huyo mtu alijua anaziweka. Mkono ukishazoeshwa utotoni, unafanya kazi bila kukuuliza, hata mimi napiga fundo mwisho wa uzi huku nazungumza na mteja. Mwalimu akachangamka. Mswaki ukarudi kwenye bilauri. Akatoa picha za madarasa, akazipanga kitandani, akawa anabahatisha: huyu wa dawati la nyuma, au huyu binti aliyekuwa anabisha. Nikamwambia aziondoe. Mimi hofu haikunitoka, maana mtu anayesoma barua zetu naye ana mtu nyuma yake.

Kisha akamwandikia Jasho. "Habari za magoti tu," akaniambia huku akiifunga bahasha. Nikaipeleka posta, nikasalimiana na karani, nikarudi na uzi mweusi.

Jibu la Jasho lilichukua wiki tatu. Bahasha ilikuwa imechanwa ubavuni na kufungwa kwa utepe wa plastiki, bila hata kujaribu kuficha. Nikaisoma kwa sauti, kwani miwani ya Mwalimu ilikuwa mikononi mwake akiifuta.

"Magoti hayajambo," Jasho aliandika. "Ila ubeti wako umeniacha hoi. Ni mwanafunzi gani huyo unayempa kumi juu ya kumi, na kumshukuru kwa nukta zake za penseli? Mimi hujanifundisha, na penseli sina."

Nikaishusha barua.

"Ulimwandikia?"

"Nilijua yeye ndiye atakayefungua." Sauti ilikuwa ya mtoto aliyevunja kitu. "Sikuweza kumrudishia kazi nzuri namna ile bila alama."

"Na kama siku hiyo amefungua mwingine?"

Alininyang'anya barua akaenda nayo dirishani. Jasho alikuwa amemalizia kwa ubeti kama kawaida yake, mistari minne. Mwalimu akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza, akavaa miwani, akapitisha kidole chini ya kila mstari. Hapakuwa na nukta hata moja.

Huu sasa ni mwezi wa nne tangu barua hiyo. Mhariri ameachiwa, anatembelea fimbo, na jarida halitoki tena. Kwetu hajaja mtu. Barua zinafika zimechanwa na kufungwa kwa utepe, safi, hazina nukta. Mwalimu hazijibu. Anakaa na picha zake za madarasa, nyuso arobaini kwa kila picha, anamtazama mmoja mmoja.

"Sikumtaja jina," ananiambia.

"Hukulijua," namjibu.

Mimi sipiti tena njia ya posta. Nazunguka sokoni, ingawa ni mbali. Barua ile niliipeleka kwa mikono yangu, na stempu niliilamba mwenyewe.