Paa la Alumini Lisilovuja

Jamani, kuna mtu leo hapa Nkuhungu, Dodoma, kaniona mshamba!

Nimeenda kununua gari la safari, lenye kitanda na jiko ndani. Muuzaji alikuwa nayo mawili.

La kwanza paa la faiba, lina nyufa. La pili alumini.

"Hili halijawahi kuvuja, kaka," muuzaji akaapa.

Lingevujaje? Limefika Dodoma mwezi wa sita, na mvua hatujaiona mpaka leo!

Nikanunua madumu mawili ya maji, nikapanda juu nimwage.

"Subiri kidogo, kaka!"

Akaingia ndani mbio. Akatoka na godoro kichwani.

Nikashuka. Maji nimerudi nayo nyumbani.

Hivi ninyi mngemwaga?