Miche ya Karafuu Uani kwa Bibi

Gunia la mchele, lile la nyuzi la zamani na si haya ya plastiki, likirowa maji kisha likapigwa na jua hutoa harufu yake peke yake. Si nzuri, si mbaya. Ina vumbi ndani yake, ina mchele mkavu, ina kamba mpya. Wiki iliyopita nilikuwa Ghala, mtaa wa magereji hapa mjini, nimekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya gereji, nangoja gari yangu itiwe betri mpya, maana joto la Maskati hula betri kama watoto wanavyokula biskuti. Mafundi wa pale wana dumu la maji ya kunywa walilolivisha gunia, na kila apitaye hulimwagia gunia maji ili ya ndani yabaki baridi. Upepo ukaniletea ile harufu. Mimi, mtu mzima na kazi yangu na miwani yangu ya jua, nikajikuta natafuta kwa macho makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa udongo. Hayakuwapo, bila shaka. Yalikuwa uani kwetu mtaa wa Ghubra, mji huu huu, nilipokuwa na miaka tisa.

Nikwambieni mambo yalivyokuwa. Bibi yangu, mama yake baba, alizaliwa Pemba, akaolewa Maskati angali msichana, na mimi nilikulia nyumba moja naye. Bi Zuwena alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Yeye alibaki Pemba, akaolewa huko, akalima karafuu huko. Miaka nenda miaka rudi ndugu hawa walionana kwa nadra, harusi hapa, msiba pale, na kila wakionana mmoja wao alikuwa na tiketi ya kurudi mkobani. Bibi alikuwa akilalamika kwamba wao wawili wameagana mara nyingi kuliko walivyoamkiana. Alilisema hilo huku akikuna nazi au akikunja nguo, kama mtu anayelalamikia bei ya vitunguu.

Mwaka ule Bi Zuwena alikuja wakati wa baridi, baridi yetu hii ambayo mgeni huiona masihara. Katika mzigo wake alikuwa na mkebe, na ndani ya mkebe kitambaa kilichorowa, na ndani ya kitambaa matunda ya karafuu. Wengi wetu twaijua karafuu kavu ya kwenye pilau tu. Kumbe ukiiacha mtini usiichume huvimba ikawa tunda jekundu linaloelekea weusi, na humo ndimo mwenye mbegu. Yalitoka katika mikarafuu ya baba yao, ile waliyoipanda wao wenyewe utotoni, na Bi Zuwena aliyatunza njia nzima yasikauke.

Baba alipoyaona alicheka. "Mama mdogo," akamwambia, "mti huu unataka mvua. Sisi hapa ikinyesha mvua, shule zinafungwa."

"Basi ntakaa mpaka ishike," alisema Bi Zuwena. "Siwezi kuipanda nikaikimbia."

Bibi alikuwa anapepeta mchele. Lakini mchele ule ulikuwa umeshakuwa mweupe pe, na yeye akaendelea kuupepeta tu, macho hayainuki. Mimi nilidhani hakusikia.

Tukapanda. Makopo tuliyatoboa chini kwa msumari, tukatia mchanga na samadi ya mbuzi iliyokauka, na kila kopo mbegu yake. Baada ya wiki kadhaa nyingi zikaota. Majani machanga ya mkarafuu hayaanzi na kijani, huanza mekundu na kung'aa kana kwamba yamepakwa mafuta ya nywele. Bibi alikuwa akiinama akiyatazama mpaka mgongo unamkatalia kunyooka, nami nikamvuta mkono.

Kila Jumapili ilikuja sauti ya Khamis kwenye simu, mtoto wa Bi Zuwena, kutoka Pemba. "Mama, unarudi lini? Nyumba imepwaya." Na kila Jumapili Bi Zuwena alisogeza simu mdomoni kana kwamba anataka kuila, akapiga kelele, "Bado, mwanangu! Miche haijashika!" Baba akaenda kuongeza viza. Kisha akaenda tena.

Joto likaingia. Wale mnaoishi huku sina haja ya kuwaeleza, na wasioishi huku hawataniamini, kwa hiyo nitasema tu kazi ilivyofanywa. Tulichukua kianikio cha nguo, tukakitandaza juu yake gunia, tukalirowesha asubuhi, adhuhuri na alasiri. Makopo yalikaa chini yake upande wa ukuta unaopata kivuli mapema. Hayakuruhusiwa kukaribia lile boksi la nje la kiyoyozi, kwa sababu linapumua moto. Lakini ule mpira mwembamba unaotoka chumbani kwa Bibi ukidondosha maji ya kiyoyozi, huo ulikuwa dhahabu. Maji yake hayana chumvi na hayana joto. Tuliyakinga kwa ndoo, tukaiingiza ndoo ndani, na hayo ndiyo yaliyokuwa maji ya karafuu, watu wengine wasiyaguse.

Wakubwa wangu hawa wawili waligombana kila siku, na kwa utamu. Bi Zuwena alitaka gunia liondolewe asubuhi kidogo, miche ipate kuzoea. "Dada, unaidekeza," alisema. "Mche usiolijua jua, siku ukikutana nalo unakufa."

"Hili si jua la kwetu, Zuwena. Hili tanuri."

"Sasa itashika lini, na wewe umeifunika kama bibi harusi?"

"Itashika ikishika," alisema Bibi, akarudisha gunia.

Mimi nilikuwa upande wa Bi Zuwena, kwa sababu yeye ndiye mkulima. Nilimwona Bibi mbishi tu. Sikumwelewa hata chembe.

Ulipoanza kuvuma ule upepo mkavu wa gharbi, unaotoka jangwani na kukausha mpaka mboni za macho, miche ikaanza kwenda. Tulikuwa tukiamka tukakuta mmoja umekunjamana, kesho mwengine. Ikabaki mitatu. Ile mitatu tuliitunza kama yai. Hata Baba, aliyekuwa akicheka, alikuwa akitoka kazini na kanzu yake nyeupe anapita kwanza uani kutazama, kisha ndiyo anaingia ndani kula.

Sasa lazima nieleze jambo moja la nyumba za Maskati. Matangi yetu ya maji yako juu ya paa, na kiangazi maji ya bombani, yale yenyewe tunayoyaita baridi, yanaunguza. Ndiyo maana kiangazi tunazima hita ya bafuni tukaoga maji yake, kwa vile hita iko ndani na maji yake yamepoa. Mgeni ukimwambia akoge ya moto ili apate ya baridi, anakutazama usoni ajue kama una homa. Mtoto aliyezaliwa hapa analijua hili kama anavyojua kutogusa jiko. Hakuna aliyekumbuka kumwambia Bi Zuwena. Maji yake ya kuoga na ya kutawadha Mama alikuwa akimtekea ya hita ndooni, naye hakuuliza. Tulimpa ndoo ya maji ya kiyoyozi, akaitumia, na alidhani sababu ni chumvi peke yake.

Siku hiyo Mama alikuwa amempeleka Bibi hospitali kwa ajili ya magoti yake. Chumba cha Bibi kilikuwa kitupu, kiyoyozi kimezimwa, na ndoo ilikuwa kavu. Nilishuka kwenye basi la shule saa saba mchana, shanta ya vitabu mgongoni, nikaingia uani. Bi Zuwena alikuwa amesimama na mwavuli mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika mpira wa bustani kwa pindo la kanga. Alikuwa ameona miche imeinamisha vichwa, akaihurumia, akafungulia bomba. Mpira wenyewe ulikuwa umelala juani tangu asubuhi. Aliuona wa moto, ndiyo maana akaushika kwa kanga, lakini alidhani ni joto la mpira tu.

"Bibi Zuwena, maji ya moto! Ya moto hayo!"

Akatia kidole, akakitoa upesi. Akautupa mpira. Mimi nikakimbilia jikoni nikaleta maji ya friji, nikamwagia, wallahi sijui nilikuwa nafikiri nini. Kufika alasiri majani yote yalikuwa yamelala, laini, meusimeusi, kama mchicha uliotoka sufuriani.

Bi Zuwena alikaa kwenye ngazi ya mlango akalia. Nilikuwa sijapata kumwona mtu mzima akililia kopo la udongo, na nikaogopa. "Nimeipika," alisema. "Nimeipika kwa mkono wangu." Akajifuta uso kwa kanga. "Sasa ntamwambia nini Khamis?"

Nikashangaa. Khamis yuko Pemba, ana mikarafuu tele, yeye na hivi vimche vyetu wapi na wapi? Wa kuambiwa ni Bibi! Lakini sikusema, kwa sababu alikuwa bado analia.

Bibi aliporudi hakumlaumu. Aliinama kwa taabu, akashika jani moja kwa vidole viwili, likabaki mkononi mwake. "Haidhuru, mdogo wangu," alisema. "Nani kati yetu aliyekwambia?" Kisha akaingia ndani kusali. Chai ya jioni ile Mama aliitia sukari mara mbili bila kujijua. Simu ya Khamis ilipokuja, ile ile ya kila mara, Bi Zuwena hakupiga kelele. Alisema polepole, "Nakuja, mwanangu." Akamwomba Baba amtafutie tiketi. Bibi alikuwa anautazama mkeka. Nikamsogelea nikalaza kichwa pajani mwake, na mkono aliouweka kichwani pangu ulikuwa mzito, haukunipapasa kama kawaida yake.

Asubuhi niliamshwa na mlio wa makopo. Nikatoka. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, peke yake na magoti yake mabovu, anang'oa miche iliyokufa. Makopo mengine aliyamwaga. Moja hakulimwaga. Lilikuwa lile la pembeni, ambalo mbegu yake haikutokeza tangu siku ya kwanza. Alilirudisha chini ya kianikio, akalinyunyizia maji ya kiyoyozi, akalitandikia gunia vizuri. Kisha akaita, "Zuwena! Hebu njoo uone."

Bi Zuwena akaja na mswaki mkononi.

"Kopo hili mbegu yake haijaota bado," alisema Bibi.

Bi Zuwena aliinama, akafunua gunia, akautazama udongo ule kwa muda mrefu sana. Nami nikatazama. Mlikuwa na mchanga na mdudu chungu mmoja anazunguka. Bi Zuwena akaugusa udongo kwa kidole, kama anayejaribu wali kama umeiva.

"Kweli, Dada," alisema. "Haijaota."

"Si vizuri kuiacha namna hii."

"Si vizuri hata kidogo."

Baba alikuwa mlangoni, ufunguo wa gari mkononi, anakwenda kazini. Akafungua mdomo, "Lakini Mama mdogo, si ulisema jana..." Mama akamtazama. Baba akafunga mdomo, akaenda kazini, na habari ya tiketi haikutajwa tena.

Basi mimi ndiye niliyekabidhiwa kopo. Na nililichukua jambo lile kwa uzito ambao sijapata kuupa kazi yoyote tangu hapo. Shule ikafungwa, watoto wa jirani wakicheza ndani na viyoyozi vyao, mimi niko uani narowesha gunia. Maji niliyajaribu kwanza kwenye kiganja, kama Mama alivyojaribu maziwa ya mdogo wangu. Lilipohama jua nikahamisha kopo. Alasiri wale wawili walitandika mkeka kivulini karibu na mimi, na birika la kahawa, wakazungumza. Walizungumza juu ya baba yao, juu ya nani aliyemsukuma nani mtoni, juu ya mchumba fulani wa Bibi aliyekuwa na meno makubwa. Walicheka mpaka Bibi akashika ubavu. Nilikasirika nao. Kazi ipo, na wao hawalitazami hata kopo!

Mara moja nilichoka, nikataka kufukua nione. Bi Zuwena alinishika mkono haraka. "Usiifukue, mjukuu wangu. Utaiumiza."

"Mbegu gani hii mvivu hivi?"

Wakatazamana. Bibi akacheka mpaka machozi yakamtoka, akajifunika uso kwa leso, na akakaa nayo usoni hivyo hivyo muda kidogo.

Bi Zuwena alikaa kiangazi chote kile. Aliondoka baridi ilipoanza kurudi, mkewe Khamis alipokaribia kujifungua. Kabla ya kiangazi kilichofuata Bibi alitutoka. Usingizini, na hakuumwa. Mwenyezi Mungu amrehemu. Sikuwa na akili ya kopo siku zile, nilikuwa nalia tu.

Mwaka juzi nilifika Pemba kwa mara ya kwanza. Khamis sasa ana kitalu, miche safu kwa safu chini ya kivuli cha makuti, na akanitembeza kwa fahari. Nikamuuliza, kwa ujuaji wangu, mbegu ya karafuu inaweza kukaa muda gani udongoni bila kuota. Akanitazama kama nimeuliza samaki anakaa muda gani nje ya maji. "Ikikawia imeshaoza hiyo," alisema. "Mwezi wa pili ukipita mwaga udongo, tia nyengine." Nikahesabu kichwani: baridi, gharbi, kiangazi. Nikasimama pale nimeshika kijimche, uso unanichoma.

Bi Zuwena alikuwa kwenye kiti nje ya kitalu, mzee sana sasa, anachambua karafuu kwenye ungo. Nikamwendea, na hasira ya mtoto wa miaka tisa ikanirudia yote kwa pamoja. "Bibi Zuwena, mlinifanya nimwagilie mchanga! Kiangazi kizima! Nyote wawili mlijua!"

Hakukataa. Alipangusa mikono yenye harufu ya karafuu, akanivuta nikae karibu naye, akanishika kiganja, kile kile nilichojaribia maji.

"Ungeacha siku moja tu," alisema, "ningelazimika kurudi."