Ndago za Juu ya Sanje na Blanketi la Mama Mkubwa

"Huyu hataweza," alisema mjomba wangu mbele ya watu wa Michenga, siku niliyoondoka kwenda kuanza kazi Ifakara. "Eti anakwenda kusomea majani! Majani hata kiboko anayajua, na hajakanyaga shule."

Watu walishika mbavu kwa kicheko. Leo macho yangu yamechoka na magoti yanalalamika, lakini stashahada yangu iko ukutani. Mwingine wa kijiji kile aliyeipata kwa kuhesabu yaliyomo ndani ya majani, simjui.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Kituo chetu kilikuwa chumba kimoja cha bati, na mkuu wake tulimwita Bwana Mimea. Siku ya kwanza alinipa shina bichi nilisokote kati ya vidole.

"Unasikia nini?"

"Lina pembe, Bwana. Pembe tatu."

"Basi ni jamii ya ndago. Shina la nyasi ni la mviringo."

Nilikuwa nimeng'oa ndago kwenye mpunga tangu utotoni, na kamwe sikuwahi kulisokota shina lake.

Bwana Mimea alizitaka ndago za mlimani. Alitaka kujua kwa nini zilizoanzia ukoo mmoja zimekuwa aina nyingi, kuanzia chini Mkula mpaka kwenye mgongo wa mlima juu ya Sanje. Jibu alilitafuta katika kromosomu, yaani nyuzi ndogo mno ndani ya seli, zinazobeba urithi wa mmea. Tulikata ncha ya mzizi asubuhi, palepale mmea ulipoota, tukaitia katika spiriti na asidi ya siki, kisha rangi nyekundu. Tuliikoroga kwa sindano yenye kutu, maana chuma hukoleza ile rangi. Halafu unafunika kwa kioo chembamba na kubonyeza kwa kidole gumba, wima. Kidole kikiteleza, umeharibu.

Mimi kidole changu hakikuteleza. Lakini ndago za juu zilionyesha kromosomu nyingi na fupi kuliko za Mkula, na Bwana Mimea aliinua uso kutoka kwenye hadubini akiwa amekasirika.

"Umezivunja."

"Sikuzivunja, Bwana."

"Kila kromosomu ina kiuno, na seli inapogawanyika huvutwa kwa kiuno hicho. Kipande kisicho na kiuno hupotea. Hivi vipande vyako vimetoka wapi kama si kwenye kidole chako?" Akaisukuma hadubini kando. "Niletee mimea hai, nibonyeze mwenyewe. Ukiwa umesema kweli, nitakuombea nafasi ya masomo Kampala. Ukiwa umenidanganya, rudi kwenu ukalime."

Ulikuwa msimu wa baridi, na sikuwa na cha kuvaa mlimani. Nilirudi Michenga kuazima. Mama mkubwa alinipa blanketi lake la pekee. Mjomba alinipa buti alizorudi nazo kutoka mashamba ya mkonge.

"Ukianguka, anguka wewe," alisema. "Viatu virudi."

Nilipanda juu ya Sanje peke yangu. Nilizichimba ndago pamoja na udongo wake, nikafunga mizizi kwa magome ya migomba kama tulivyozoea. Magome yalichanika kwenye mawe, na upepo wa kule hukausha mzizi upesi. Nikalikata blanketi la Mama mkubwa vipande, nikavilowesha kijitoni, nikaifunga ile mizizi. Usiku nilijikunja na kutetemeka, ndago zikiwa zimefunikwa vizuri kuliko mimi. Nilipokuwa nikiteremka, soli ya buti moja ilibaki mtoni.

Tulizipanda kwenye mchanga mbichi, zikatoa mizizi mipya. Bwana Mimea alikata, akatia rangi, akabonyeza kwa kidole chake. Akatazama. Akatengeneza kioo kingine, akatazama tena. Mwishowe alinisogezea kiti.

"Angalia."

Zilikuwa nyingi na fupi, kama zangu.

"Kidole chako kimepona," alisema.

Ndipo aliponieleza alichokuwa akisita kukisema. Huenda kromosomu ya ndago haina kiuno kimoja, bali hushikwa kwa urefu wake wote. Ikikatika, vipande vyote viwili huvutwa, hurithiwa, na mmea huendelea kuishi. Mimea ikizidi kutofautiana hivyo, huacha kuzaana vizuri, na aina mpya huanza kujitenga.

Barua ya kuniombea nafasi aliiandika, nami nikaenda Kampala. Baadaye nilitumika chini ya Mkuu wa Maabara, kisha chini ya Mkaguzi wa Mbegu. Kila mmoja alianza kwa kunitilia shaka, kila mmoja nikamshinda. Ninyi vijana mnadhani kushinda ni raha. Kunachosha. Nimestaafu nikiwa na uvimbe wa kudumu kwenye kidole gumba, na sina tena hamu ya kubishana na mtu.

Siku ninayopenda kuikumbuka ni ile niliyotoka Kampala na stashahada, nikashukia Michenga na mzigo wa kulipa nilivyoazima.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu." Alilipokea blanketi jipya, akalinusa. "Na langu?"

"Niliyavika majani, Mama."

"Yalipona?"

"Yalipona."

"Basi."

Mjomba alivaa buti mpya bila kushukuru, akatembea nazo mpaka kwenye mpunga wake. Akainama, akang'oa ndago, akalisokota shina polepole kati ya vidole, kama nilivyomweleza. 

"Kumbe ina pembe," alisema.

Akarudi, akaniwekea ndago ile kiganjani.

"Haya, bwana mkubwa. Hesabu."